Malalamiko kuhusu kifaa cha gesi ya maji kilichofungwa kwenye injini ya gari langu

Moshi, Kilimanjaro

Mkurugenzi,
(Jina la kampuni limehifadhiwa),
Arusha.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA NA KULIPWA GHARAMA ZA MATENGENEZO YA INJINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmiliki wa Toyota Noah yenye injini ya 3S-FE ya lita 2.0, ambayo mafundi wenu waliifungia kifaa mnachokiita cha gesi ya maji, yaani chupa inayotumia umeme wa gari kugeuza maji kuwa gesi ya kuchomwa ndani ya injini, kwa Sh 650,000, kwa ahadi iliyochapishwa kwenye kipeperushi chenu kwamba matumizi ya petroli yangepungua kwa asilimia 30. Kipeperushi hicho pamoja na nakala ya risiti ya EFD nimeviambatisha. Ahadi haikutimia, na hilo peke yake lingetosha kuniandikisha barua. Lakini lalamiko langu kubwa ni kwamba mlifunga kwenye gari langu kitu cha pili ambacho hamkunieleza, na hicho ndicho kilichoiharibu injini.

Naanza na jaribio la siku ya kukabidhiana gari, kwa sababu ndilo lililonifanya nilipe. Fundi wenu alijaza tangi Arusha, tukaendesha hadi njia panda ya KIA, akajaza tena, akapiga hesabu kwenye simu na kunionyesha kwamba gari limekwenda kilomita 14 kwa lita, wakati kawaida yake ni kilomita 9. Mji wa Arusha uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa ndege wa KIA uko mita 894. Yaani kipande mlichochagua kukipima, kupitia Tengeru, Usa River na Kikatiti, kwa sehemu kubwa ni mteremko, na injini ya injekta hukata petroli dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta gari likishuka. Isitoshe, kwa safari fupi kama hiyo, tangi likijazwa pungufu kwa nusu lita tu hesabu nzima inapotoka. Niliomba tupime na safari ya kurudi, nikajibiwa kwamba kipimo kimoja kinatosha. Baadaye nilipima mwenyewe kwa kwenda na kurudi kati ya Moshi na Arusha, nikijaza tangi kwenye pampu ileile, nikapata wastani wa kilomita 9.6 kwa lita.

Hata nafuu hiyo ndogo haikutoka kwenye maji. Fyuzi mliyoifunga kwenye waya wa kifaa ni ya ampea 20. Kwa umeme wa volti 14, kifaa hakiwezi kutumia zaidi ya wati 280, ambazo kwa saa nzima ni nishati ya takribani megajuli 1. Lita moja ya petroli ina takribani megajuli 32. Kwa hiyo hata kama umeme wote ungegeuka gesi bila kupotea hata kidogo, gesi ya saa nzima ingelingana na petroli ya vijiko viwili vya chakula. Umeme wenyewe unatoka kwenye oltaneta, inayozungushwa na injini, na injini ya petroli hugeuza robo hadi theluthi tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Mnachoma petroli nyingi kupata gesi kidogo, kisha mnamwambia mteja kwamba maji ndiyo yanayoendesha gari.

Siri ilionekana gari lilipoanza kukosa nguvu. Nikipanda kutoka Himo kwenda Marangu nikiwa na abiria, injini iligonga kama kokoto ndani ya kopo, kisha taa ya injini ikawaka. Fundi wa hapa Moshi alifungua dashibodi akakuta kisanduku cheusi kidogo, kimefungwa kwa utepe nyuma ya redio, waya wake umeunganishwa kwenye waya wa sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Kazi ya kisanduku hicho ni kuongeza volti kwenye taarifa ya sensa ili kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, idhani mchanganyiko una petroli nyingi, nayo ipunguze. Injini hii imetengenezwa ichome petroli kwa uwiano wa hewa wa karibu 14.7 kwa 1. Ukiidanganya ipunguze petroli, moto wa kwenye silinda unaweza kupanda na injini kuanza kugonga inapobeba mzigo. Plagi zote zilikuwa zimepauka, na valvu ya moshi ya silinda ya tatu ilikuwa imeungua ukingo. Ripoti ya fundi na picha vimeambatishwa. Chupa yenu ya maji nayo ilikuwa imevujisha dawa inayochanganywa na maji ili yapitishe umeme, ikamwagikia kwenye bano la alumini pembeni ya betri, na bano hilo sasa limelika na kujaa unga mweupe.

Ninaelewa kwa nini biashara hii ina wateja. Sisi wenye magari husubiri Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, itangaze bei za mafuta, na anayeahidi kupunguza theluthi ya gharama hiyo lazima asikilizwe. Lakini gereji yenye uzoefu kama wenu ingeweza kunishauri nibadilishe sensa ya oksijeni iliyochoka, plagi na chujio la hewa, na nijaze upepo wa matairi sawasawa. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani limepima zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na ni vichache sana vilivyoonyesha nafuu yoyote, nayo ikiwa ndogo. Taarifa hiyo iko wazi kwa yeyote aliye katika kazi hii.

Kwa hiyo ninaomba mnirejeshee Sh 650,000, mlipe Sh 480,000 za kutengeneza silinda hedi kwa mujibu wa ankara iliyoambatishwa, na mnieleze kwa maandishi ni waya gani mwingine mlioukata au kuuunganisha, ili fundi aurudishe ulivyokuwa. Ninaomba pia muwaarifu wateja wengine mliowafungia kisanduku hicho, kwa kuwa huenda hawajui kama wanacho. Nisipopata majibu ndani ya siku 14, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza kupotosha wateja katika biashara.

Silinda hedi bado iko mezani kwa fundi, haijafungwa, na kisanduku nimekihifadhi na waya zake. Mkitaka kutuma mtu wa kukagua, aje saa za kazi kabla ya muda huo kwisha; namba yangu mnayo kwenye fomu ya kupokelea gari.

Wako mteja,
Mmiliki wa gari