Mentashipu kwa wadada wa teknolojia isiishie kwenye fulana

Mhariri,

Kila mwaka ikifika Alhamisi ya nne ya Aprili, ile siku ya wasichana kwenye TEHAMA ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, simu zetu zinajaa picha za mabinti wamevaa fulana zinazofanana, wameshika laptopu, nyuma yao bango. Sina ugomvi na fulana, hata mimi ninayo moja na naivaa. Ninachouliza ni Ijumaa yake yule binti anampigia nani simu akikwama, yaani menta wake, mtu aliyemtangulia kwenye kazi wa kumwelekeza, yuko wapi?

Mimi ni mdada nafanya kazi ya kompyuta hapa Mtwara mjini, sio programa wa kwenye sinema, mimi ndo yule anayeitwa printa ikigoma, mtandao ukikata, mfumo ukikataa kufunguka asubuhi na foleni imeshafika mlangoni. Kitengoni wa kike niko peke yangu. Na ukiwa peke yako kuna maswali ukiyauliza kwa wenzio wa kiume unaonekana hujui kazi, yaani mambo ya kawaida tu, nianze na cheti cha mtandao au cha databesi, mtu wa levo yangu analipwaje sehemu nyingine, nimetoka likizo ya uzazi nimekuta mfumo umebadilishwa nianzie wapi. Ni ya kumuuliza mtu aliyepita hapohapo kabla yako. Huku kwetu mwali hachezwi unyago akaachwa hivihivi, ana somo wake anayemfuatilia mpaka baadaye sana, ila kazini tunatupwa tu tujionee.

Wapo wanaosema wanawake wenyewe hawataki haya mambo ya kompyuta. Mwaka 2006 mradi wa GNOME, wale wanaotengeneza programu huria, yaani za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha, ulipokea maombi 181 ya vijana waliotaka nafasi kupitia mpango wa Google wa kuwalipa wanafunzi waandike programu majira ya joto, mwanamke hata mmoja hakuwemo. Wakatangaza nafasi za wanawake peke yao, zenye posho na watu wa kuwaongoza, na maombi yakaja zaidi ya mia. Mwaka uleule, mradi uleule! Kumbe watu walikuwepo, walichokosa ni mlango ulioandikwa kwamba na wao waingie. Mpango ule ndio uliokuja kuitwa Outreachy, unachukua miezi mitatu, kazi unafanya ukiwa kwako kwa intaneti, una menta unayemjua kwa jina na wao wamekuwa wakilipa dola 7,000 kwa kipindi. Mtu wa Newala anaweza akauomba, awe na laptopu, umeme na bando tu, ingawa hivyo vitatu kuvipata kwa pamoja nayo ni kazi nyingine.

Hapa nyumbani pia kuna waliofanya kazi kubwa, Apps and Girls wameanza tangu 2013 kufundisha wasichana kutengeneza programu, na UCSAF, ule mfuko wa serikali wa mawasiliano kwa wote, unashindanisha wanafunzi wa kike wa sekondari kwenye TEHAMA. Hongera zao. Lakini nguvu nyingi inaenda kwa walioko shule, sisi tulioshaingia kazini tunaonekana tumeshafika wakati ndo kwanza tunatafuta pa kuegemea, wengine wanakata tamaa wanahamia uhasibu au wanafungua duka, siwalaumu.

Halafu kila kitu ni Dar. Semina Dar, usaili Dar, kukutana na menta Dar. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapita, barabara ya kwenda Dar ikakatika kule Somanga, na mwezi huohuo nyaya za baharini nazo zikakatika intaneti ikawa ya kubahatisha, kwahiyo kusini tulifungiwa barabarani na hewani kwa pamoja. Ndo maana nasema menta wa mbali ni mzuri lakini awepo na wa karibu. Na watu wapo jamani, kuna chuo cha Stella Maris, kuna VETA, kuna bandari, mabenki, halmashauri, na tangu msimu wa 2024 korosho inanadiwa kwenye mfumo wa kompyuta wa TMX, lile soko la bidhaa Tanzania, ina maana hata kwenye AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, huko Tandahimba na Masasi kuna wadada wanaingiza data na kupambana na mifumo kila siku. Hao hawahitaji semina ya hotelini, wanahitaji mtu mmoja na lisaa limoja kwa wiki, na mwajiri akubali kwamba hilo lisaa ni la kazi, sio la kuibia wakati wa chai.

Na wanaume nao wawe mamenta, maana wadada walioko juu ni wachache, ukiwabebesha wao wote mzigo huu na bure juu yake watachoka. Hapa najua wasomaji wa kike wameshaguna. Tunajua kinachotokea bosi akisema njoo jioni nikuelekeze. Rushwa ya ngono ni kosa, ipo kwenye sheria ya kupambana na rushwa ya 2007 kifungu cha 25, lakini binti aliyeajiriwa juzi haanzi na sheria, anaanza na kukaa kimya. Sasa mpango wowote wa mentashipu ukianzishwa uandike mapema kabisa kwamba vikao ni saa za kazi na mahali pa wazi, na awepo mtu wa kupokea malalamiko ambaye sio rafiki wa huyo menta. Wasipoweka hivyo mimi mdogo wangu simpeleki.

Na nyie gazeti mna sehemu yenu. Nafasi hizi mkituandikia mtuandikie dirisha la maombi likiwa bado liko wazi, mtaje na tarehe ya mwisho, maana huku mara nyingi tunasikia habari zake siku tunayoona picha ya wahitimu.

Msomaji wenu,
Shangani, Mtwara