Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa umoja wa darasa la wahitimu

Ndugu wanachama,

Hii ni taarifa yangu ya nne, na ya mwisho nikiwa mwenyekiti wa darasa hili. Zile tatu zilizotangulia zilihusu zaidi michango na wasiolipa. Safari hii la michango nalimaliza mapema: mweka hazina amefunga hesabu, wanachama wawili wasio wa kamati wamezikagua, na kilichobaki kitaingia kwenye uchapaji wa kitabu cha kumbukumbu. Wanaodaiwa wanajijua.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa hicho kitabu. Tulidhani ni kukusanya picha na kuzipanga, wiki tatu tumemaliza. Imetuchukua miezi saba, na picha moja tu ndiyo iliyotukwamisha zaidi ya zote.

Ni ile ya wiki ya kwanza, tumepangwa mistari minne, mashati yametupwaya, mikono imefunika vidole. Wanakamati sita tulikaa kuandika majina. Mstari wa mbele haukutusumbua. Mstari wa tatu, wa pili kutoka kulia, yupo mvulana anayecheka huku amefumba macho. Sote tulimtambua papo hapo. Ndiye aliyekuwa akiiga kikohozi cha mwalimu wa hisabati, mpaka siku mwalimu mwenyewe aliposimama mlangoni nyuma yake. Tulikumbuka dawati lake. Tulikumbuka alivyoandika kwa mkono wa kushoto, kiganja kikifuta wino kabla haujakauka. Jina lake hakuna aliyelikumbuka. Aliondoka muhula wa pili bila kuaga, nasi hatukuuliza.

Orodha ya darasa mwaka ule ilikuwa mikononi mwangu. Nilipoifungua nikakuta jina lake nimelikata mimi mwenyewe, tena kwa wino mzito, mara tatu, ili orodha ionekane safi. Halisomeki hata ukiliinua kwenye mwanga. Nakiri mbele yenu.

Katibu alijaribu kunipoza kwa utafiti aliousoma. Mwaka 1975 Harry Bahrick na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima wahitimu 392 wa sekondari, wenye umri wa miaka 17 hadi 74, wakitumia picha za vitabu vyao vya shule. Waliomaliza shule ndani ya miaka 15 walitambua sura za wenzao kwa takriban asilimia 90. Walipotakiwa kuyataja majina kwa kichwa, bila kuonyeshwa chochote, walifika kama asilimia 60, na baada ya miaka 48 ilibaki kama 30. Sura hung'ang'ania, majina huponyoka. Kwangu haikuwa faraja. Kama ndivyo tulivyoumbwa, basi aliyekabidhiwa kalamu alikuwa na kazi moja tu, nami niliifanya kinyume.

Jina tulilipata maktaba, kwenye kadi ya kuazimia kitabu ambacho hakikuazimwa tena baada yake. Mwandiko umelala kushoto, mwisho wa jina umefutika kidogo. Liko ukurasa wa 11.

Baada ya hapo tukaingia kwenye kumbukumbu zenyewe, na hapo ndipo kamati ilipogombana kwelikweli. Chukueni usiku ule umeme ulipokatika tukijisomea kwa ajili ya mtihani. Mmoja ameandika kwamba tuliimba mpaka taa zikarudi. Mwingine kwamba palikuwa kimya, watu wanaogopa. Wa tatu anaapa kwamba taa hazikurudi kabisa na tulikwenda kulala tukishikana mabega. Wote watatu walikuwepo. Baadhi ya wanakamati walitaka tupige kura tupate usiku mmoja rasmi. Nilikataa, zote tatu zimechapwa, kila moja na mwenyewe.

Rasimu ya kwanza ya utangulizi, niliyoiandika mimi, ilisema kwamba miaka minne tuliishi kama ndugu. Ilipozunguka kwenu, wanachama wawili waliirudisha na maelezo mafupi. Mwaka wa kwanza walikula peke yao karibu kila siku, na majina ya utani tuliyowapa hayakuwachekesha hata mara moja. Niliisoma mara mbili, nikatafuta njia ya kuibakiza ile sentensi kwa kuilainisha, kisha nikaifuta. Mmoja wao amekubali kuandika ukurasa wake, nao hatukuugusa hata nukta. Mwingine alitaka jambo moja tu: jina lile la utani lisionekane popote. Halipo. Tulilikuta mahali tisa, kote tukaliondoa.

Mengine ni mafupi. Umoja utaendelea baada ya mahafali iwapo theluthi mbili watajiandikisha. Fomu ziko kwa katibu. Kamati inapendekeza waliohama njiani wahesabiwe wanachama bila ada. Uchaguzi ni ajenda ya tano, na mimi sigombei.

Mpigapicha anakuja Ijumaa saa nne. Safari hii, kabla hajakunja vyombo vyake, daftari litapita mstari kwa mstari na kila mtu ataandika jina lake kwa mkono wake, pale aliposimama. Anayetaka kuhamia kwa rafiki yake ahame kabla daftari halijamfikia.