Msituambie tujikaze

Ndugu Mhariri,

Nimewasoma kwa zaidi ya miaka 20 na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Yakinikera, hulikunja gazeti nikaendelea na shughuli zangu. Safari hii nimeshindwa. Ile taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu watu wanaoogopa kutibiwa meno ilitushauri tujikaze, kwa kuwa ganzi za siku hizi ni nzuri, na anayeshindwa kabisa aombe kulazwa usingizi hospitalini. Kana kwamba kati ya kujikaza na kulazwa usingizi hakuna kitu!

Kipo, tena ni cha zamani. Mwaka 1844 Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford huko Marekani, alivuta gesi ya naitrasi oksaidi kisha akang'olewa jino lake mwenyewe. Gesi hiyo hiyo, ikichanganywa na oksijeni na kuvutwa kwa barakoa ndogo ya puani, bado inatuliza wagonjwa hadi leo. Hulali. Unasikia, unajibu, ukiambiwa panua mdomo unapanua. Mwandishi wenu hakuitaja hata kwa neno moja.

Nawaeleza kwa nini nina hasira. Miaka mingi iliyopita nilikwenda kung'olewa gego la chini, shavu limevimba, sijalala siku tatu. Nikachomwa ganzi, haikushika. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kwamba penye uvimbe na usaha ganzi hufanya kazi kwa shida, maana tishu zilizoambukizwa huwa na asidi. Siku ile hakuna aliyenieleza. Koleo liliposhika jino niliinua mkono, na daktari akaushusha kwa kiwiko chake huku akisema, "Mtu mzima na akili zako, unaogopa? Watoto wanakaa hapo hapo." Msaidizi wake akacheka. Nakumbuka ile taa usoni, na maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka pembeni ya mdomo hadi ndani ya kola yangu, na mimi siwezi kuyafuta kwa sababu mikono yangu imeshikwa. Nilishikwa mikono, Mhariri. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto. Nilipotoka pale sikukanyaga tena kwa daktari wa meno kwa miaka 14. Katika miaka hiyo magego matatu yalimegeka vipande vipande, nami nikitafuna upande mmoja na kumeza dawa za maumivu, na yote matatu yangeweza kuzibwa yakiwa na tundu dogo. Kwa hiyo mtu akiniambia nijikaze, namwambia nilijikaza, na huko kujikaza ndiko kulikoniondolea meno.

Daktari aliyenirudisha hakuniambia nijikaze. Kabla sijakaa kitini alinipa karatasi yenye maswali matano: utajisikiaje ukijua kesho unatibiwa jino, ukiwa unasubiri zamu yako, jino likikaribia kuchongwa, meno yakisafishwa, ukichomwa sindano ya ganzi kwenye ufizi. Alama zake huanzia 5 hadi 25, na anayefikisha 19 huhesabiwa kuwa na hofu kubwa mno. Nilipata 23. Akaitazama, akasema, "Sawa, tutakwenda polepole." Basi. Hakuna aliyecheka. Ile barakoa ilikuwa na harufu ya mpira. Baada ya dakika chache vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi, sauti ya daktari ikawa kama inatoka chumba cha pili. Sindano niliijua inaingia, ila haikunihusu sana. (Ndiyo, ganzi huchomwa vilevile. Kutuliza hofu hakuondoi haja ya ganzi, na hilo pia mlipaswa kuliandika.) Mwishoni nikavuta oksijeni tupu dakika tano, nikaondoka kwa miguu yangu.

Kuna na vidonge vya kutuliza hofu, kama diazepamu, ambavyo humezwa yapata saa moja kabla. Ubaya wake ni kwamba kikishafika tumboni, daktari hawezi tena kukipunguza. Kuna midazolamu, dawa ya kutuliza inayochomwa mshipani, ambayo huingizwa kidogo kidogo, na wengi huwa hawakumbuki kilichofanyika. Hapo lazima awepo mtu aliyefunzwa wa kuangalia pumzi yako na kipimo cha oksijeni kidoleni, na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani. Usiendeshe gari wala kusaini mkataba hadi kesho yake. Na anayempa mgonjwa dawa hizi bila kumuuliza kama amekunywa pombe, au anatumia dawa kali za maumivu, au hukoroma hadi pumzi zikakatika usingizini, anacheza na uhai wa mtu.

Na hivi vyumba vya kungojea, nani alivipanga? Viti vimebanana na mlango wa matibabu, mlango wenyewe mwembamba, mashine inalia na mtu anaguna, na sisi tumekaa tunahesabu nani anafuata. Nimeona mtu akiamka na kuondoka dakika mbili kabla ya kuitwa. Sikumlaumu.

Ninachotaka si kikubwa. Kwenye fomu ya usajili, mstari wa pili, chini ya jina na juu ya umri, liandikwe swali: unaogopa? Anayejibu ndiyo apewe yale maswali matano, kisha aelezwe gesi, kidonge na sindano ya mshipani, kipi kipo hapo na kipi hakipo. Viti vihamishwe hadi ukuta wa mbali. Na mgonjwa akiinua mkono wa kushoto, hata kimo cha kiganja tu, mguu wa daktari utoke kwenye pedali ya mashine ya kuchonga papo hapo, ndipo maneno yafuate.

Msomaji wenu wa siku nyingi