Kubadili chupa si kubadili dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna sisi wakulima wa nafaka na mbegu za mafuta tunavyonunua dawa za ukungu. Mkulima akiona ugonjwa wa kutu kwenye ngano au madoa kwenye majani ya karanga, anakwenda dukani, anapewa dawa, anapuliza. Isipofanya kazi anarudi kuomba nyingine. Anapewa chupa yenye jina jingine, rangi nyingine na bei nyingine, naye anaondoka akiamini amebadili dawa. Mara nyingi ndani yake mna dawa ya kundi lile lile, na pengine kiambato kile kile.

Dawa hizi zimegawanywa katika makundi kulingana na sehemu ya kuvu, yaani kimelea kinacholeta ukungu, zinayoishambulia. FRAC, kamati ya kimataifa inayoshughulikia usugu, yaani kuvu kuzizoea dawa hizi, iliyoanzishwa mwaka 1981, imelipatia kila kundi namba yake. Triazoli kama tebukonazoli na propikonazoli ziko kundi la 3, nazo huizuia kuvu kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayojenga utando wa seli zake. Strobilurini kama azoksistrobini ziko kundi la 11 na huzima uzalishaji wa nishati ndani ya seli. Kundi la 7 nalo hugusa nishati, ila kwa kuzuia hatua nyingine. Halafu kuna zile za zamani, mankozebu, shaba na salfa, ambazo alama zake huanza na herufi M. Hizi hubaki juu ya jani na huishambulia kuvu sehemu nyingi kwa mpigo, na ndiyo maana usugu dhidi yake ni nadra.

Namba hizo si mambo ya maabara peke yake. Strobilurini ziliingia sokoni mwaka 1996 zikasifiwa sana. Kufikia 1998, ugonjwa wa ubwiri unga wa ngano kaskazini mwa Ujerumani ulikuwa tayari umezishinda. Kilichobadilika ni sehemu moja tu ya protini ambayo dawa hushika, na kuvu yenye badiliko hilo huwezi kuishinda kwa kuongeza dozi. Triazoli huchakaa kwa njia nyingine, polepole, msimu hadi msimu. Mkulima anaona kinga iliyokuwa ikidumu wiki tatu sasa haifiki mbili, analaumu mvua, au anadhani ameuziwa dawa bandia. (Dawa bandia zipo kweli, na hilo linastahili barua yake.)

Usugu hauletwi na dawa kuwa mbaya. Katika mamilioni ya vimelea vilivyomo shambani, vichache huwa na maumbile ya kustahimili hata kabla hujapuliza. Dawa inaua wenzao na kuwaachia shamba zima wao. Ukirudia kundi lile lile, unazidi kuwachagua. Kutu ya ngano na ya soya husafiri kwa upepo, kwa hiyo kilichochaguliwa shambani kwangu kesho kiko kwa jirani, na cha jirani kiko kwangu. Brazil walianza kuiona kutu ya soya ya Asia mwaka 2001, na tangu hapo wameona makundi kadhaa ya dawa yakipoteza nguvu moja baada ya jingine. Leo wanachanganya dawa hizo na za herufi M, na wameweka kipindi kila mwaka ambacho ni marufuku kuwa na mmea hai wa soya shambani, ili kutu ikose pa kuishi.

Kuna pia dawa zinazouzwa zikiwa zimechanganywa tayari, tuseme kundi la 3 na la 11 katika chupa moja. Ni mpango mzuri pale ambapo zote mbili bado zina nguvu. Lakini kama kuvu iliyo shambani imeshalizoea la 11, mkulima analipia dawa mbili huku inayofanya kazi ni moja, na hiyo moja inabeba mzigo wote hadi nayo ichoke. Bila kujua namba, atalijuaje hilo?

Kila mpulizo usio na sababu unaharakisha usugu, na mipulizo ya namna hiyo ni mingi. Kwenye ngano, punje hujazwa hasa na jani la mwisho linalotoka kabla ya suke, pamoja na lililo chini yake. Nyingi ya dawa zinazopenya ndani ya jani huelekea juu, kwenye ncha yake, wala haziwezi kulikinga jani ambalo lilikuwa halijatoka siku ya kupuliza. Anayepuliza mapema mno anakinga majani yatakayokauka yenyewe, kisha analiacha wazi lile linalomlisha. Kwenye kanola, zao la mbegu za mafuta, ugonjwa wa kuoza shina wa sklerotinia huanzia kwenye petali zinazodondoka na kunasa kwenye majani na matawi, kwa hiyo dawa ni ya wakati wa maua. Shina likishakuwa jeupe, hakuna dawa ya kulirudisha.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa fusari kwenye masuke ya ngano, kwa sababu unamhusu hata asiyelima. Kuvu hii huacha kwenye punje sumu iitwayo deoksinivalenoli, ambayo huwadhuru watu na mifugo. Siku za kuizuia ni chache, ngano inapoanza kuchanua, na dawa zinazofaa ni hasa baadhi ya triazoli. Strobilurini zikipulizwa masuke yakishatoka zinaweza kuongeza sumu hiyo badala ya kuipunguza. Mkulima mwenye chupa mbili mkononi, moja ya kundi la 3 na nyingine ya la 11, zote zikiwa zimeandikwa "dawa ya ukungu", anaweza kutumia pesa kuharibu mavuno aliyotaka kuyaokoa.

Najua mbegu zinazohimili magonjwa na kubadilisha mazao vinapaswa kutangulia dawa yoyote, na sibishani na hilo. Ila siku ya kupuliza ikifika, mkulima ana haki ya kujua anachopuliza.

Ninachoomba kinawezekana. Australia na Kanada namba ya kundi huonekana kwenye lebo za dawa hizi. Mamlaka za viuatilifu popote ambapo bado hazijaagiza hivyo ziagize: namba kubwa, upande wa mbele, isomeke hata na asiyejua jina la kiambato. Wauza dawa waanze kumuuliza mteja, "Mara ya mwisho ulipuliza kundi gani?" kabla ya kumpa chupa. Maofisa ugani wawafundishe wakulima kuandika namba hiyo kwenye daftari la shamba, pamoja na tarehe na hatua ya mmea.

Nawe Mhariri, kila ukurasa wako wa kilimo utakapotaja dawa ya ukungu kwa jina, naomba uandike na kundi lake pembeni.

Wako,
Mkulima wa ngano na alizeti