Barua kwa binti yangu aliye Olduvai

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mahindi yamebeba, na mama yako anakusalimu.

Umeniandikia kwamba vikundi vya kwaya unavyoviongoza huko makumbusho vikifika penye nakala ya fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, hakosekani wa kuuliza, "Kwa hiyo dada, wewe unaamini tulitokana na nyani?" Nawe unacheka na kupita. Usipite, mama. Huyo amesafiri na kulipa kiingilio.

Mwambie kwanza kwamba wanasayansi wenyewe hawasemi hivyo. Wanasema sisi na sokwe tulitoka ukoo mmoja wa kale mno, kisha kila upande ukashika njia yake. Hata huyo Zinj aliyepatikana na Mary Leakey mwaka 1959, ambaye wengi tulikua tukimwita mtu wa kwanza, leo anawekwa kwenye tawi la pembeni lililokatika. Hapo utawaona wakishtuka kuliko walivyoshtukia nyani!

Halafu waoneshe tunajuaje. Kwa hilo nyayo za kale za Laetoli, jirani na hapo Olduvai, zinafaa kuliko fuvu lolote. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, viumbe wenye kutembea kwa miguu miwili wakapita juu yake, yakakauka na kuwa magumu, kisha majivu mengine yakafunika. Umri wa nyayo hizo, takriban miaka milioni 3.6, haukutungwa: ndani ya madini ya majivu mna potasiamu inayogeuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo unaopimika. Aliyeelewa hapo, akitaka kubisha, atabishana na vipimo. Wewe hutakuwa na ugomvi naye.

Akiuliza kama Mungu yupo, usimjibu kwa fuvu. Mawe hayana habari hiyo, ingawa wapo wa pande zote mbili wanaoyalazimisha kusema. Mimi mzee wa kanisa nikisoma Mwanzo namwona aliyeumba. Miaka sijaitafuta humo. Mchungaji mmoja hakubaliani nami kabisa, na chai tunakunywa pamoja. Louis Leakey, mume wa Mary, naye alizaliwa Kabete, Kenya, mtoto wa wamisionari, lakini usimtangulize kama shahidi. Waumini hutambua upesi wanapobembelezwa.

Watoto wa kipaimara wa usharika wetu wanakuja Jumamosi na walimu wao. Nimewaambia waandike maswali, hata yale makali. Waanzishie kwenye nakala ya nyayo, fuvu liwe la mwisho, na uwaachie muda. Mwaka jana walikimbizwa kama mbuzi wa mnada.

Baba yako