Msitukalishe kwa sababu ya magoti

Mhariri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mshonaji wa kofia za mkono hapa Mkomani, Lamu, umri wangu miaka 67. Goti la kulia linaniuma mwaka wa 6 huu. Nimesukumwa kuandika na jambo lililonipata kabla ya Ramadhani.

Nilikuwa natoka sokoni, punda watatu wakaja mbele yangu na magunia ya mchanga. Anayezijua njia zetu anajua hapo hakuna pa kupisha ila kupanda kibarazani. Nikainua mguu wa kushoto, nikabaki nimesimama kwa ule wa kulia. Goti likaniachia. Lau si kijana mmoja kunidaka mkono, ningelala chini ya kwato.

Wanangu waliposikia wakakata shauri: mama asitoke tena, asipande darini, kila kitu ataletewa. Walifanya kwa mapenzi, nami nikakubali. Miezi 3 nikakaa mkekani na sindano yangu. Nilipotaka kusimama baada ya hapo ikawa ni kushika ukuta, na usiku stima ikikatika nayumba kama mtu aliye mashuani.

Mtaalamu wa viungo aliyenipima aliniambia nisimame kwa mguu mmoja mmoja, yeye akihesabu. Kushoto nilifika sekunde 9. Kulia, 2. Akanieleza jambo ambalo tangu goti lianze kuuma sikuwa nimelisikia. Mguu unaouma mtu huuonea huruma, hauegemei. Msuli wa mbele ya paja, ambao ndio unaolishika goti, hunyauka kwa kukosa kazi. Na goti bovu hupunguza hata ile hisia ya kujua limekunjika kiasi gani, ndipo mwili ukategemea macho zaidi. Kumbe ndiyo sababu ya kuyumba gizani! Maumivu nilikuwa nayajua, lakini udhaifu wa mguu nilikuwa nikiulea mwenyewe kwa kukaa.

Basi nikaanza. Nainuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, mara 10, asubuhi na alasiri. Nasimama kwa mguu mmoja nimeshika kizingiti cha dirisha, kisha kwa kidole kimoja tu. Natembea kando ya ukuta, kisigino mbele ya vidole. Bakora, ambayo miaka yote nikiishika upande wa goti bovu, nimeihamishia mkono wa kushoto. Ngazini natanguliza mguu mzima nikipanda, na mbovu nikishuka. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kuzuia kuyumba na ya nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki, na mimi siku hizo sizikosi. Sasa ni mwezi wa 5 tangu nianze. Goti bado linauma, hasa nikiinuka kutoka kwenye sujudu, lakini mguu wa kulia unanishika sekunde 11.

Ndugu mhariri, wazee wenzangu wengi wamekalishwa majumbani kama nilivyokalishwa. Nawaomba watoto wetu: mkiona mzazi anayumba, mpelekeni apimwe, kisha msimame naye anapojizoeza, msimnyang'anye ngazi. Wenye nyumba mnaokarabati nanyi, msirundike kokoto kwenye vibaraza, ndiyo pa kupishia pekee tulipo napo. Na gazeti lenu, kila mnapoandika habari za magoti naona dawa na mafuta ya kuchua. Mafuta nimeyachua hadi nguo zikanuka. Andikeni na habari za paja.

Ngazi zetu za mawe ni za kale, vidaraja virefu, nyingi hazina pa kushika. Kwangu mwanangu wa kiume amefunga kamba ya jahazi kwenye pete za chuma kutoka chini hadi darini, kazi ya alasiri moja. Naishika kwa mkono mmoja, na wa pili nabeba nguo zangu za kuanika.

Mshona kofia,
Mkomani, Lamu