Mbao zenye mawimbi: jibu kwa Papa seremala wa Katindo

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya Papa seremala wa Katindo katika ukurasa wenu wa wasomaji. Analalamika kwamba mbao za hizi mashine za msumeno wa mkanda (ukanda wa chuma wenye meno unaozunguka kwenye magurudumu mawili), zile tunazojitengenezea wenyewe hapa mjini Goma, zinapanda na kushuka kama njia ya Sake wakati wa mvua. Mwanzo wa ubao milimita 25, katikati 19, mwisho 27. Anamaliza nusu siku akipiga randa kabla hajaanza kazi aliyolipwa. Mwishoni anatushauri tuziache mashine hizo, turudi kwenye msumeno wa mnyororo. Kwa malalamiko nampa haki yote. Kwa dawa aliyoitoa, hapana, na naomba nafasi nieleze.

Mimi ni mpasua mbao wa Ndosho. Kazi hii niliianza baada ya volkano Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kuingia mjini. Watu walikuwa wanajenga upya juu ya mawe yaliyokuwa bado yanatoa joto, na nyumba nyingi zikawa za mbao. Tulipasua kwa msumeno wa mnyororo ulioshikwa mkononi, tukifuata mstari wa uzi uliochovywa kwenye oili chafu. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, mgongo wangu ndio shahidi. Kwa hiyo najua Papa anaturudisha wapi. Mnyororo ukipita mara moja unakula karibu milimita 9 za mti. Mkanda unakula 2 na nusu. Gogo moja ukilipasua mara 10, mnyororo umekula sentimita 9, mkanda sentimita 2 na nusu. Tofauti hiyo ni mbao mbili nzima za milimita 25 zilizogeuka unga chini ya miguu yako, kutoka kwenye mkaratusi uliokwisha kulipiwa na kushushwa kwa lori kutoka Masisi. Mtu aliyeupanda mti huo ameungoja miaka. Kuurudisha kwenye mnyororo ni kuufuja.

Sasa, mbona mbao zinakuja na mawimbi?

Mashine yangu niliiunda na fundi wa kuchomea wa Birere. Reli ni kornieri, vile vyuma vya pembe, mgongo wake ukitazama juu ili magurudumu madogo yenye mfereji yapande na yasitoke. Magurudumu ya mkanda ni rimu mbili za gari ndogo na matairi yake. Injini ya esansi, yaani petroli, ya nguvu za farasi 13. Siku ya kwanza ilipasua ubao mzuri tukapiga makofi. Wiki ya pili mawimbi yakaanza. Kila aliyekuja kutazama alisema neno moja: injini ni ndogo, ongeza nguvu. Nikaongeza. Nilitafuta injini kubwa zaidi, iliyotumika, nikalipa akiba ya miezi sita. Mawimbi hayakuondoka hata kidogo, ila sasa yalitoka kwa haraka zaidi. Kosa hilo nimeliona baadaye katika atelye nyingi za mji huu, na ndilo linaloniumiza mpaka nikashika kalamu: vijana wanauza pikipiki wanunue farasi, wakati ugonjwa hauko kwenye injini.

Tena kuhusu injini kuna jambo dogo ambalo wauzaji hawasemi. Sisi tunaishi juu. Hata ziwa letu la Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini ya namna hii hupoteza asilimia 3 na nusu hivi ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo farasi 13 za kwenye karatasi hapa Goma ni karibu 11. Pia kabureta iliyopimwa kwa nchi ya chini inamwaga esansi nyingi kuliko hewa. Plagi inakuwa nyeusi, moshi unanuka. Kubadilisha ile jeti ndogo ya ndani kwa yenye tundu dogo zaidi kulinirudishia uhai wa injini ya kwanza kwa bei ya chakula cha mchana. Ile kubwa niliiuza.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa kukereza vyuma. Alikuja asubuhi, hakugusa injini, hakuuliza hata ni ya farasi ngapi. Aliomba nivute mkanda mpaka ukaze, kisha akatoa kipande cha chuma kilichonyooka, urefu wa sentimita 60, akakibana juu ya mkanda kwa uangalifu kisikanyage meno, kikielekea mbele na nyuma kama reli. Akapima kwa rula kutoka ncha ya mbele ya chuma hadi kwenye kitanda cha gogo, halafu ncha ya nyuma. Akanipa rula nisome mwenyewe. Mbele ilikuwa juu kwa milimita 4. Mkanda wangu ulikuwa umeinua pua. Kila ukiingia kwenye gogo unataka kupanda, mvutano unaurudisha chini, unapanda tena. Ndiyo yale mawimbi, Papa. Tulifanya kazi hiyo kwa ufunguo namba 17 na subira, tukilegeza bolti za viongozi vya mkanda, vile vishikizi vinavyouelekeza, kidogo kidogo, mpaka mbele na nyuma zikasoma sawa. Ubao uliofuata niliulaza juu ya meza ya kioo ya jirani. Mwanga haukupita chini yake.

Hivyo viongozi ndivyo ningependa kila mwenye mashine avitengeneze kabla ya kitu kingine chochote. Vyangu vya kwanza vilikuwa vipande viwili vya mti mgumu, vikaungua. Sasa ni beringi zilizochomelewa ukingo nyuma yake, na kati ya ukingo huo na mgongo wa mkanda kuna nafasi ya milimita 3 wakati mashine haikati, ili mkanda uegemee pale unaposukumwa na gogo tu. Vinaukandamiza mkanda chini milimita 6 hivi kupita mstari wa magurudumu, usipate nafasi ya kutetemeka. Na kiongozi kimoja hakikai mahali pamoja. Kiko kwenye mkono unaoteleza, gogo likiwa jembamba unakisogeza karibu nalo. Mkanda mrefu ulioachwa wazi bila mshikizi unacheza, hata uwe mpya.

Mvutano nao. Wengi wanakaza mkanda kwa bolti peke yake na kwenda kazini. Lakini mkanda wa mita 4 ukipata joto la nyuzi 50 zaidi ya ulivyokuwa asubuhi, unarefuka zaidi ya milimita 2, na bolti haijui hilo. Niliweka springi nzito ya gari kati ya bolti na ekseli, ikawa inaumeza ule urefu yenyewe. Jioni nalegeza kila kitu. Mkanda ukilala umekazwa, unaamka na nyufa kwenye mabonde ya meno.

Maji nayadondosha juu ya mkanda kwa mpira mpya wa dripu, ule wa hospitali, wenye kile kigurudumu cha kubana. Hakuna bomba dukani linalopima tone kama ule. Bidoni moja, yaani dumu, ya lita 20 yenye sabuni kidogo inanitosha siku nzima, na kila mtu wa Goma anajua maji ya bidoni ni kitu cha kuhesabu. Mkaratusi una utomvu unaoganda kwenye meno. Bila maji mkanda unavaa koti.

Nije kwenye unene, kwa sababu hapo Papa anatushtaki kwamba tunaiba. Kichwa cha mashine yangu kinashushwa na fito mbili za hesi za milimita 20, zimeunganishwa kwa cheni ya baiskeli na meno yaliyo sawa pande zote, ili upande mmoja usitangulie mwingine. Mzunguko mmoja wa fito ni milimita 2 na nusu. Nilihesabu mizunguko 10, nikasema hiyo ni 25. Miezi mingi niliuza mbao za 22 na nusu nikiapa ni 25, kwa sababu sikuhesabu kile mkanda unachokula wenyewe. Hesabu ya haki ni mizunguko 11. Na kwa mkaratusi mbichi napiga 12, kwa sababu utanywea ukikauka. Wateja wa wakati ule walilipa ubao mzima wakapata pungufu. Nawaomba msamaha hapa hadharani, na wale niliowajua nimewafidia.

Lakini Papa naye atofautishe. Akipima ubao ukawa na unene tofauti huku na huku, hilo ni letu. Akipima unene ukawa sawa kila mahali ila ubao umejikunja kama upinde, hiyo si mashine, ni mkaratusi wenyewe. Mti ule umejaa mvutano ndani. Ukiupasua upande mmoja mfululizo, uliobaki unajinyoosha na kuinuka kitandani. Dawa yake ni kugeuza gogo: unatoa mbao mbili upande huu, unaligeuza nusu mzunguko, unatoa mbili upande ule. Inachosha, hasa bila winchi, na mpasuaji anayelipwa kwa idadi ya mbao hataki kugeuza. Wateja wakubali kulipa kidogo zaidi kwa mbao za gogo lililogeuzwa.

Meno yanakufa haraka hapa kuliko mahali pengine, na sababu tunaikanyaga kila siku. Gogo likiburutwa juu ya lava, ganda linabeba vijiwe vyeusi vikali kama chupa. Mkanda ukiingia unavivuta vyote ndani ya mti. Kijana wangu anatangulia na panga na brashi ya waya, anatoa ganda upande ule mkanda unapoingilia, upana wa kiganja tu. Kabla ya hapo nilikuwa nanoa baada ya magogo mawili. Sasa mkanda unamaliza nusu siku. Miti ya kando ya malisho ya Masisi inakaguliwa zaidi, kwa sababu wafugaji wanapigilia waya wa miiba juu yake na mti unaumeza. Ukiona doa la bluu-nyeusi kwenye kichwa cha gogo, kuna chuma ndani.

Bado jambo moja, na hili silisemi kwa Papa, nalisema kwa wenzangu. Vifuniko vya magurudumu. Tunavitoa kwa sababu vinajaza unga na kuchelewesha kubadilisha mkanda. Mimi pia nilivitoa. Siku moja mkanda ulikatika ukiwa katika mwendo, na mkanda huo hukimbia karibu mita 25 kwa sekunde. Ulitoka kama nyoka, ukapita mahali ambapo mtoto wa dada yangu alikuwa amesimama dakika moja kabla, akienda kuchukua bidoni. Ulichana bati la ukuta urefu wa mkono. Nilizima mashine nikakaa chini, sikufanya kazi tena siku ile. Kesho yake fundi wa kuchomea alikuja na mapipa mawili ya zamani, tukayakata yakawa vifuniko vyenye bawaba, vinavyofunguka kwa kidole na kuacha mlango wa unga chini. Kubadilisha mkanda kunachukua dakika tano, kama zamani. Nyuma tukachora mstari mwekundu, kutoka gurudumu hadi ukutani, na hakuna mtu anayesimama juu yake injini ikiwaka, hata mwenye gogo.

Mafundi wa kuchomea wanaotengeneza mashine hizi nawaomba wasimkabidhi mtu mashine kabla ya kumwonyesha ule upimaji wa chuma na rula. Unachukua robo saa.

Na Papa seremala, namwomba aje Ndosho siku yoyote ya kazi na rula yake mwenyewe. Achague gogo, mimi nitalipasua mbele yake. Ubao wowote utakaotofautiana zaidi ya milimita 1 mwanzo hadi mwisho, auache hapa asilipe kitu.

Wenu,
Mpasua mbao, Ndosho, Goma